George Orwell: Polisi wa Burma aliyeiandika Olenguruone bila ya kuiona

Mtu wa pwani apandaye mpaka Olenguruone hujuta kwanza kwa ajili ya nguo zake. Mimi nilikwenda na kanzu mbili na koti moja jepesi, na baridi ya milima ya Mau ikanifunza adabu kabla ya magharibi. Mji huo uko kusini-magharibi ya Nakuru, katika nchi ya chai na pareto, na jina lake ni la Kimaasai. Mkobani nilikuwa nimechukua riwaya moja ya Kiingereza, Nineteen Eighty-Four ya marehemu George Orwell. Sikuichukua kwa kuwa yahusu nchi hiyo, kwani Olenguruone haitajwi ndani yake hata mara moja. Niliichukua kwa sababu ya tarehe. Kitabu kile kilitoka London tarehe 8 Juni, 1949, na katika siku hizo hizo Serikali ya kikoloni ilikuwa katika kazi ya kuwang'oa watu Olenguruone, kosa lao likiwa ni kukataa kutia sahihi karatasi.

Sisi wa umri wangu tulimjua Orwell kwa kitabu chake kingine, Shamba la Wanyama, kilichofasiriwa na Fortunatus Kawegere na kupigwa chapa Nairobi mwaka 1967. Nakala yangu ilinifikia haina jalada. Siku moja niliisahau ndani ya mfuko wa juzuu, Maalim akaiona chuoni, akasoma kurasa mbili tatu kimya kimya nasi watoto tukingojea bakora. Alipofika penye nguruwe kujitwalia maziwa na matufaha peke yao alicheka, akasema kwamba ikiwa mnyama atatawala wenziwe basi ni huyo huyo, akanirudishia kitabu changu. Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba wazo la Maalim lilikwisha kumpitikia Mwingereza mmoja wa ubalozi wao wa Cairo, ambaye mwaka 1949 aliwaandikia wakubwa wake kusifu fikra ya kukieneza kitabu kile kwa Kiarabu, kwa vile nguruwe na mbwa kwa Waislamu ni najisi. Habari hiyo nitairejea, kwani ina uchungu wake.

Jina la kuzaliwa la Bwana Orwell ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni, 1903, mjini Motihari katika Bara Hindi, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa Serikali katika idara ya afyuni. Naam, msomaji, Serikali yenyewe ilikuwa na idara ya afyuni, na faida yake ilikuwa kubwa. Mama yake alimpeleka Uingereza angali mchanga, akakulia huko, akasoma Eton pamoja na watoto wa matajiri, yeye mwenyewe akiwa hana mali. Wenzake walipokwenda vyuo vikuu yeye mwaka 1922 alipanda meli kwenda Burma kuwa afisa wa polisi. Umri wake ulikuwa miaka 19.

Wengi humsoma Orwell kama adui wa Urusi na basi. Mimi naona miaka ile mitano ya Burma haijapewa haki yake. Kijana yule alikuwa na vile vyote alivyokuwa navyo inspekta wa Kizungu katika Kenya ya zama hizo: bunduki, mamlaka juu ya maelfu ya watu, na jela karibu. Moja ya vituo vyake kilikuwa Insein, penye jela kubwa. Baadaye aliandika habari ya mfungwa mmoja aliyekuwa akipelekwa kitanzini, ambaye njiani alikwepa kidimbwi cha maji asichafue miguu yake, na jinsi jambo hilo dogo lilivyomfanya mwandishi aone ubaya wa kuikata roho iliyo nzima. Mwaka 1927 alirudi kwao likizo, akaandika barua ya kuacha kazi. Hakuwa na kazi nyingine mkononi.

Aliishi Paris akiosha vyombo katika jikoni za mahoteli, akalala London pamoja na mafukara wasio na makao. Kitabu chake cha kwanza kilipokuwa tayari, mwaka 1933, alijipa jina jipya ili wazazi wasione haya: George, jina la Kiingereza la kawaida kabisa, na Orwell, jina la mto mmoja wa mashariki ya Uingereza. Mwaka uliofuata alitoa riwaya juu ya Burma, ambamo anawaeleza Wazungu wa klabu moja ndogo, ulevi wao na chuki zao, na jinsi kila mmoja wao anavyolazimika kusema yale yale asemayo mwenzake hata kama moyoni hayaamini. Kwa maoni yangu hapo ndipo Nineteen Eighty-Four ilipoanzia. Mtu wa kwanza asiyeruhusiwa kuwa na wazo lake mwenyewe, katika vitabu vya Orwell, ni Mzungu wa koloni.

Desemba 1936 alikwenda Hispania kupigana dhidi ya jeshi la Franco. Mwezi Mei 1937 risasi ilimpita kooni, na madaktari wakastaajabu kumwona anapumua. Lakini jeraha lililomkaa zaidi lilikuwa jingine. Aliporudi Barcelona alikuta chama alichopigania kimepigwa marufuku na washirika wake wenyewe, wenziwe wamo jela, na magazeti yanaandika kwamba wapiganaji aliowaacha mahandakini walikuwa watumishi wa adui. Alisoma habari za vita visivyopiganwa, na vile alivyoviona kwa macho yake havikuandikwa. Alitoroka na mkewe Eileen kwa gari-moshi hadi Ufaransa, akaandika kitabu cha ushahidi. Kilipigwa chapa nakala 1,500 tu, na siku anakufa zilikuwa bado hazijakwisha.

Kifua kikamsumbua, na rafiki mmoja akatoa fedha aende nchi ya jua. Basi kuanzia Septemba 1938 hadi Machi 1939 Orwell alikaa Marrakech. Ningependa kusema kwamba aliujua Uislamu huko, lakini sioni dalili hiyo. Alichokiona na kukiandika kwa unyofu ni upofu wa macho ya Mzungu mwenyewe: vikongwe waliobeba kuni wakipita mbele ya nyumba yake kila alasiri, naye kwa majuma kadhaa akiziona kuni asiwaone vikongwe. Punda aliyelemewa alimtia huruma mapema kuliko hao. Ni wachache waliokiri jambo kama hilo hadharani.

Vita Kuu ilipokuja, hakuna jeshi lililomtaka kwa sababu ya mapafu yake. Mwezi Agosti 1941 aliajiriwa na BBC, katika idhaa ya Mashariki iliyotangazia India. Hapo yule aliyechukia uwongo wa magazeti ya Hispania akawa yeye ndiye mtangazaji wa Serikali. Kila hotuba ilipaswa kupita kwanza kwa wakaguzi, ipigwe muhuri kwamba haikiuki siasa ya Serikali na muhuri mwingine kwamba haifichui siri ya vita, ndipo isomwe mbele ya kipaza sauti. Mkewe naye miaka ya mwanzo ya vita alikuwa mfanyakazi wa idara ya ukaguzi wa maandishi. Fikiri, msomaji, mazungumzo ya chakula cha usiku ya nyumba hiyo. Orwell alivumilia miaka miwili na ushei, akaacha mwezi Novemba 1943.

Mwezi Februari 1944 alimaliza Shamba la Wanyama. Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani, na wachapaji wakubwa wakaogopa. Mmoja alikikubali kitabu, halafu akashauriana na afisa wa Wizara ya Habari, akakikataa. Afisa yule amekuja kujulikana baadaye kuwa alikuwa akiitumikia Urusi kwa siri. Hakuna sheria iliyokipiga marufuku. Watu waungwana walikaa mezani wakaona kwamba si wakati wake, mambo yakaisha. Orwell aliandika dibaji kali juu ya udhibiti wa namna hiyo, ule usio na polisi wala mahakama, nayo ikaachwa nje hata kitabu kilipotoka tarehe 17 Agosti, 1945. Dibaji hiyo haikusomwa na umma mpaka 1972.

Eileen hakukiona kitabu kikitoka. Alifariki tarehe 29 Machi, 1945, akiwa juu ya meza ya upasuaji, akamwachia mumewe mtoto wa kulea, Richard, wa miezi kumi.

Orwell alihamia na mtoto kisiwa cha Jura, Scotland, katika nyumba isiyo na umeme mwisho wa njia mbovu. Huko ndiko alikoandika Nineteen Eighty-Four. Mwezi Agosti 1947 alimchukua Richard na vijana wa nduguye katika mashua, akazisoma vibaya saa za maji kujaa na kupwa, wakaingia katika mkondo wa Corryvreckan ambao huzunguka kama chungu kinachokorogwa. Mashine ya mashua ikang'oka ikazama. Wakajitupa juu ya jabali, mpaka wavuvi wa kamba wakawaokoa. Mtoto wa miaka sita wa Lamu angemwambia asitoke siku ile. Baada ya hapo kifua kilizidi. Alilazwa karibu na Glasgow, akaletewa kutoka Marekani dawa mpya ya streptomaisini, nayo ikamchubua ngozi na kung'oa kucha hata ikabidi aiache. Akarudi kisiwani, na mwisho wa 1948 akaupiga taipu muswada wote mwenyewe, muda mwingi akiwa kitandani, kwa kuwa hakupatikana karani wa kufika kule.

Riwaya yenyewe ina mtu mmoja, Winston Smith, mtumishi wa Wizara ya Kweli, ambaye kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani yalingane na maneno ya chama ya leo. Karatasi ya asili huitia katika tundu la ukutani, nayo huvutwa na upepo wa moto hadi kwenye tanuri. Katika kila chumba mna runinga isiyozimika, ambayo mtu akiitazama nayo humtazama. Lugha inapunguzwa mwaka hata mwaka, maneno yanafutwa katika kamusi, ili ifike siku ambapo mtu hata akitaka kuasi hatakuwa na neno la kuasia. Mna na mashine ya kutunga nyimbo za watu wa chini, bila mtunzi. Mashine hiyo ilinichekesha nilipokuwa kijana. Sasa hainichekeshi, maana siku hizi mtu huandika maneno mawili katika simu yake akaletewa beti kumi, vina na mizani timamu, na mimi nikaaye kwenye meza ya mashairi huzisoma nikitafuta aliyeumwa ni nani.

Sasa turudi Olenguruone. Mwaka 1941 Serikali iliwapeleka huko Wakikuyu ambao walikuwa wakiishi katika nchi ya Wamaasai, wengi wao asili yao Kiambu, kwenye ardhi iliyotwaliwa na masetla. Wao waliipokea Olenguruone kama fidia ya ardhi hiyo: milki yao, ya kurithisha watoto wao. Serikali ikaleta karatasi yenye masharti ya kulima na ya kurithi, ambayo maana yake ni kwamba wao ni wapangaji tu wa Serikali. Ilikuwa kana kwamba mtu ameketi kwake, akaja karani akamwambia atie sahihi kuwa ni mgeni. Walikataa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume na wanawake na hata watoto, jambo lililokuwa geni, na wanahistoria wamekiona kiapo kile kuwa moja ya mizizi ya Mau Mau. Mahakama ikaamua wao ni wavunjaji wa sheria. Kati ya 1948 na 1950 nyumba zilibomolewa, mazao yakaharibiwa, watu wakapakiwa malorini, wengi wakapelekwa Yatta, nchi kame ambayo wenyeji wa mvua za Mau hawakuijua. Wanawake walitunga nyimbo njiani.

Orwell hakuandika lolote juu yao. Lakini yaliyofuata baada ya hali ya hatari ya Oktoba 1952 yanasomeka kama sura za kitabu chake. Magazeti ya Kikuyu yalifungwa. Watu walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, naye akitikisa kichwa mtu huchukuliwa. Ndiyo runinga ile isiyozimika, iliyoshonwa kwa katani. Katika kambi haikutosha mfungwa kutii. Alitakiwa akitapike kiapo, aungame, na aonyeshe kuwa moyo wake umegeuka, ndipo asogezwe kambi ya afadhali. Kazi hiyo ikaitwa kurekebisha watu. Na sisi watu wa pwani tusijidhani tulikuwa mbali: kisiwani Manda, mkabala na Lamu, alifungwa mwandishi Gakaara wa Wanjau, ambaye katika kifungo chake aliandika shajara kwa kificho, na alipoichapisha kwa Kikuyu ikapata tuzo ya Noma mwaka 1984, mwaka wenyewe wa Orwell. Na Hola, katika mto Tana, tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na tangazo la kwanza la Serikali likadokeza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji.

Hapa ndipo mapenzi yangu kwa Bwana Orwell yanapoingia doa. Mwaka 1948 Serikali ya Uingereza iliunda ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje idara ya siri ya kueneza habari dhidi ya Ukomunisti. Idara hiyo ndiyo iliyoandikiwa barua ile ya Cairo, na ndiyo iliyosaidia tafsiri za Shamba la Wanyama katika lugha nyingi. Mwezi Mei 1949, akiwa mgonjwa hospitalini, Orwell aliipa idara hiyo majina 38 ya waandishi na watu mashuhuri aliowaona hawafai kupewa kazi ya kuiandikia, kwa kuwa alidhani wanaelekea Urusi. Watetezi wake husema hakuna aliyefungwa kwa orodha ile, na kwamba aliyemwomba ni rafiki wa karibu. Nayakubali yote mawili. Hata hivyo, polisi wa Burma alikuwa bado yumo ndani ya mwandishi, na mwandishi hakumsikia akitembea. Walioogopa kitabu chake hawakukosea kuona nguvu yake: mwaka 1991 Serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku mchezo wa kuigiza uliotokana na Shamba la Wanyama. Wakoloni walikieneza, warithi wao wakakizuia, kila mmoja akiwatazama nguruwe wa jirani.

Orwell alifunga ndoa ya pili, na Sonia Brownell, tarehe 13 Oktoba, 1949, akiwa kitandani hospitalini London. Tarehe 21 Januari, 1950, mshipa wa mapafu ulipasuka usiku, akafariki peke yake, umri miaka 46. Amezikwa Sutton Courtenay, na jiwe lake lina jina la Eric Arthur Blair tu, asiyejua hupita.

Lile tundu la kuchomea karatasi aliloliwaza, Serikali yake ililijenga kweli. Kabla ya uhuru wa makoloni ilitoka amri kwamba majalada yenye kuiaibisha yasibaki kwa watawala wapya. Yachomwe yawe majivu na majivu yapondwe, au yafungwe katika makasha yenye uzito yakatupwe bahari kuu, penye kina na pasipo mkondo. Humu Kenya majalada ya siri yaligongwa muhuri wa herufi W, yasishikwe ila na raia wa Kiingereza mwenye asili ya Ulaya. Yaliyosalia yalisafirishwa Uingereza, na mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Kenya waliodai fidia ya mateso, Serikali ilikiri kwamba majalada yapata 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikalipa wadai 5,228.

Chuoni tulikuwa tukiandika aya ubaoni kwa wino, na ikiisha kukaa kifuani Maalim hutuamuru tuoshe ubao. Maneno yalifutwa kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuhifadhiwa. Niliwaza hayo Molo, njiani nikirudi, kwa mzee mmoja ambaye alitolewa Olenguruone akiwa mtoto. Nilimwuliza kama nyumbani kwake kuna karatasi yoyote ya siku zile. Akanambia hakuna, ila mama yake alikuwa na nyimbo, na akaanza moja kwa sauti ndogo, akaifikisha mwisho pasipo kutafuta neno. Kikuyu changu ni cha sokoni. Alinifasiria nusu, nusu akaiacha.

Kisha akataka kujua habari za yule Mwingereza wa kitabu changu. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi, pamoja na orodha ile. Hakusema neno juu ya orodha. Aliuliza kama aliacha watoto. Nikamwambia mmoja, wa kulea, aitwaye Richard, aliyezaliwa Mei 1944. Mzee akahesabu kwa vidole hadi Januari 1950, akasema miaka mitano. Ndio umri aliokuwa nao yeye lilipokuja lori. Akauliza mtoto yule alilelewa na nani. Nikamjibu kuwa ni shangazi yake. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nivae koti lake mpaka gari lije.